Umebadilisha Ekzosi Mara Tatu, Mafuta ya Breki Je?

Wasee wa Subaru wa Ruiru, leo niko na nyinyi. Na wa Evo pia, na wale wa Golf GTI mnaojificha nyuma ya Subaru kila lawama zikianza. Swali langu ni moja na sitaki hadithi: mafuta ya breki yaliyo kwenye gari yako yalitiwa lini? Si kuongezwa. Kutiwa upya, yote, mpaka yale meusi yakaisha.

Wengi wenu hamjui. Unajua turbo yako inasukuma presha ngapi. Unajua ekzosi yako ni inchi ngapi, na majirani wa Membley wanaijua pia, hata saa nane usiku. Lakini kile kitu kinachobeba nguvu ya mguu wako kutoka kwa pedali mpaka kwa gurudumu hujui kina miaka mingapi. Hayo si mapenzi ya gari. Ni mapenzi ya kelele.

Wacha tuanze na jina, kwa sababu jina limetuharibia kazi. Tunayaita mafuta, na si mafuta. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zote ni za jamii ya glaikoli, na glaikoli inapenda maji vile wewe unapenda Kamakis siku ya Jumamosi. Unyevu wa hewa unaingia polepole, kupitia paipu za mpira na kila mara kikopo kinapofunguliwa. Huoni. Husikii. Na kwa sababu tumeshazoea kusema "mafuta", kuna mtu ataona kikopo kimepungua na amwage oili ya injini, au ile ya giaboksi ya otomatiki. Mipira ya masta silinda na ya kaliperi inavimba, breki zinaanza kushika zenyewe, na hapo hautabadilisha chupa tena, utabadilisha karibu mfumo mzima.

Sasa nambari, kwa sababu hapa ndipo watu wa kujionyesha wanapotea. Kiwango cha Marekani, ndicho kinachoandikwa kwa chupa karibu zote, kinasema DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205. DOT 4 ni 230, DOT 5.1 ni 260. Hizo ni zikiwa kavu. Zikishakunywa maji kufika asilimia 3.7, kiwango kinashuka mpaka 140, 155 na 180. Soma tena polepole. DOT 5.1 iliyolewa maji inaruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 180, na DOT 3 mpya kabisa, ile ya bei ya chini unayoidharau, haitakiwi kuchemka kabla ya 205. Kwa hivyo yule jamaa wa Probox anayebadilisha kila mwaka anaweza kuwa na breki za kuaminika kuliko zako na hizo kaliperi zako za dhahabu.

Yakichemka inakuwaje? Yanatoa mvuke. Maji ya breki hayabonyezeki, ndiyo maana mguu wako unafika kwa gurudumu. Mvuke unabonyezeka. Unakanyaga pedali inazama mpaka chini, gari inaendelea tu na safari zake. Halafu ukibahatika kusimama, ukakaa nusu saa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inakuwa ngumu kama kawaida. Fundi anaijaribu anasema, "Bosi, hii iko tu sawa." Na hakudanganyi, iko sawa, imepoa.

Kuna mtu atasema baba yake aliendesha Peugeot 504 miaka ishirini na hakuwahi kubadilisha haya mambo. Heshima kwa mzee. Lakini mzee hakuwa anatoka Blue Post na 160 akipunguza ghafla Juja kwa sababu kuna lori kwa leni ya kulia. Joto la breki linatoka kwa mwendo, na mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya kuzimwa inaongezeka mara nne. Kutoka 160 diski zako zinameza mara nne ya kile zingemeza kutoka 80. Kusimama mara moja hakuchemshi kitu. Fanya hivyo mara tano mfululizo ukijaribu kumwonyesha wa WRX nyuma yako, hapo tunaongea mengine. (Na sheria ni 110, lakini leo sijakuja kuwa polisi.)

Thika Road angalau imenyooka. Kinachonitisha ni ile misafara ya Safari Rally. Tangu mashindano ya dunia yarudi Naivasha mwaka wa 2021, kila msimu mnatoka huku watu wanne kwa gari, buti imejaa, mnapita Limuru na kuteremka Mai Mahiu mkifuata lori, mguu kwa breki kilomita baada ya kilomita. Mteremko mmoja mrefu, upande mmoja ukuta, upande mwingine Bonde la Ufa. Hapo hakuna anayejali rimu zako.

Na gari ikitoka Japan usidhani imekuja na baraka. Kule wana ukaguzi wao, shaken, kila miaka miwili kwa gari iliyotumika, na ni kawaida mafuta ya breki kubadilishwa wakati huo. Halafu gari inakaa yadi, inapanda meli, inakaa Mombasa, unainunua, na tangu siku hiyo hakuna aliyeyagusa. Jambo la kwanza kwa gari mpya kwako ni hilo, kabla ya stika.

Sasa mafundi wetu. Kuna fundi hapa mjini alinitolea chupa nusu kutoka chini ya benchi, kifuniko kimelegea, vumbi mpaka shingoni, akasema ni ya wiki jana. Nilikataa, akaniona najifanya. Chupa iliyofunguliwa inaendelea kunywa unyevu hapo kwa rafu. Nunua yako, ikiwa na sili, ifunguliwe ukiangalia. Lita moja haifiki bei ya tairi moja ya hizo zako nyembamba. Na kikopo kikishuka usikimbilie kuongeza. Mara nyingi ni pedi zimeisha, au kuna mahali panavuja. Ukijaza tu, umefunika macho.

Upande wangu ni huu: DOT 4 nzuri, mpya, kila mwaka kama unaendesha kwa fujo, miaka miwili ikizidi sana. DOT 5.1 ni sawa pia. Yale ya mashindano, ya kuchemka juu ya nyuzi 300, ni ya mnaoenda autokrosi na mnayabadilisha mara kwa mara. Kuyatia halafu uyasahau miaka mitatu ni kununua viatu vya mbio uende navyo kulala. Na DOT 5, bila hiyo nukta moja, ni silikoni, kitu tofauti kabisa. Haichanganyiki na hizi zingine na haifai gari yako yenye ABS. Muuza spea akikwambia "tano ni kubwa kuliko nne", toka kwa hiyo duka.

Mwenye STI ya Brembo, kila kaliperi iko na skrubu mbili za kutoa upepo, ya nje na ya ndani. Fundi akifungua ya nje pekee na kufunga gurudumu, mwambie alitoe tena.