Nyumba Iliyozingirwa na Wafu

Wazazi kadhaa wametuuliza kama yafaa watoto watazame filimu za wafu wanaotembea, ziitwazo filimu za zombi. Watoto huziona katika simu, kisha usiku hawapati usingizi, na asubuhi huuliza: «Je, babu naye aweza kutoka kaburini namna hii?» Swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Basi tuitazame pamoja filimu ile iliyozizaa nyingine nyingi, tuone ni nini ndani yake cha kukataa, na ni nini cha kujifunza.

Jina lake ni Night of the Living Dead, maana yake Usiku wa Wafu Walio Hai. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1968 katika mji wa Pittsburgh, Marekani. Aliyeiongoza, George Romero, alikuwa kijana wa miaka 28, naye na rafiki zake hawakuwa matajiri. Watu kumi walianza kwa kuchanga dola 600 kila mmoja, na gharama yote ilifika dola 114,000 hivi, fedha kidogo sana kwa sinema ya Marekani. Picha zake si za rangi. Damu inayoonekana ni sharubati ya chokoleti, na nyama wanayoitafuna wale «wafu» ilitoka buchani. Wazazi, waambieni watoto habari hiyo kwanza. Mtoto akijua ya kuwa damu ni chokoleti, nusu ya hofu yake imekwisha.

Hadithi yaanza makaburini. Kaka na dada, Johnny na Barbra, wamesafiri mbali ili waweke shada la maua juu ya kaburi la baba yao. Dada apiga magoti na kusali. Kaka amcheka, na kulalamika kwa ajili ya safari. Mara mtu mmoja awashambulia, naye Johnny aanguka. Barbra akimbilia nyumba ya shambani, na humo wakutana watu saba: mtu mweusi jasiri aitwaye Ben, bwana Harry Cooper na mke wake na binti yao mgonjwa, na vijana wawili wachumba. Nje, wafu waizunguka nyumba.

Sasa angalieni jambo moja. Wafu wale ni wazito, hutembea polepole, nao huogopa moto. Watu saba wenye umoja wangeweza kujiokoa. Lakini Harry ataka wote wajifungie katika chumba kilicho chini ya nyumba. Ben ataka wabaki juu na kuziba madirisha kwa mbao. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, wala hakuna anayetaka kumsikiliza mwenzake. Wagombea hata bunduki, na Ben ampiga Harry risasi. Usiku ule mmoja baada ya mwingine waangamia, na mwishoni Ben abaki peke yake, amejificha katika chumba kilekile cha chini alichokikataa. Ni jamaa ngapi zilizobomoka hivyo, si kwa adui wa nje, bali kwa sababu mume na mke, au ndugu na ndugu, walishindwa kuketi na kusikilizana!

Asubuhi waja raia wenye bunduki pamoja na mkuu wa polisi. Ben achungulia dirishani. Hakuna anayemwita, hakuna anayemwuliza yeye ni nani. Wadhani ni mmoja wa wafu, wampiga risasi, na mwili wake watupwa motoni pamoja na mizoga. Hapo ndipo sisi tuliposhtuka kuliko mahali pengine pote. Katika nchi yetu pia kuna watoto waliofukuzwa nyumbani, na mabibi wazee waliouawa, kwa kuwa mtu fulani alisema: «Huyu ni mchawi.» Nao hawakuulizwa neno. Mtu akishikwa na hofu hamwoni tena ndugu yake; huona zimwi tu.

Neno zombi lenyewe halisikiki katika filimu hiyo. Lilitoka nchi ya Haiti, na wataalamu wengi wafikiri ya kuwa asili yake ni lugha za Kongo, lilikopelekwa na watumwa. Kwa watumwa wale zombi hakuwa mla watu. Alikuwa maiti aliyenyang'anywa hiari, akilazimishwa kumfanyia bwana kazi hata baada ya kufa. Walichokiogopa ni utumwa usio na mwisho.

Sisi wakristu tunalo tumaini lingine. Twasadiki ufufuko wa miili. Lakini ufufuko si maiti yenye njaa inayotangatanga. Yezu alipomwita Lazaro, Lazaro alitoka kaburini akiwa ndugu yuleyule wa Marta na Maria, nao walimpokea kwa furaha. Basi mtoto akiuliza habari za babu, mjibuni: babu yu mikononi mwa Mungu, naye hatutakii ubaya, yeye angojea sala zetu.

Shauri letu ni hili. Watoto wadogo wasiitazame kamwe. Mwandishi Roger Ebert wa Chicago aliona msichana wa miaka tisa hivi ameketi kimya katika sinema akilia, kwa kuwa wazazi walimwacha aende bila kujua ataona nini. Vijana wakubwa waitazame pamoja na wazazi, kisha wazungumze. Na mwezi wa Novemba, nendeni wote makaburini pamoja na watoto, mchana, mkang'oe majani na kusali. Mtoto aliyepalilia kaburi la babu yake hatamwogopa usiku.