Mwaka 1516 Hauna Ladha

Waulize wapenzi wa bia ya Kijerumani kwa nini wanaipenda, na wengi watakutajia sheria kabla ya kutaja ladha. Bia ile ni safi, watasema. Imepikwa kwa Sheria ya Usafi ya mwaka 1516, ni maji, shayiri na hopsi basi, na ndiyo maana inazishinda nyingine zote. Maneno hayo yamo kwenye lebo na vinywani mwa wahudumu, na yamefika hadi Nairobi na Dar es Salaam, ambako mtu huidharau bia ya kwao kwa kuwa ina sukari au mahindi, hata hajainusa. Naipenda mno bia ya Ujerumani, na kwa hiyo imani hii inaniudhi. Inawafundisha watu kunywa lebo.

Itazame bia ya ngano, fahari ya Bavaria. Agizo lililotolewa Ingolstadt tarehe 23 Aprili 1516 na watawala wa Bavaria, Wilhelm wa Nne na nduguye Ludwig wa Kumi, liliruhusu shayiri, hopsi na maji tu. Ngano haimo! Sehemu kubwa ya agizo hilo inahusu bei ya bia majira ya baridi na majira ya joto. Bia ya ngano ilinusurika kwa upendeleo wa watawala. Ukoo wa Degenberg ulipewa ruhusa ya kuipika. Ukoo huo ulipokatika mwaka 1602, mtawala Maximilian wa Kwanza akaitwaa haki hiyo, ikawa mradi wa watawala kwa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1872 Georg Schneider, mpishi wa bia wa Munich, aliipata haki ya kuipika kutoka kwa Mfalme Ludwig wa Pili. Kinywaji kinachouzwa leo kwa jina la agizo lile kiliishi kwa kusamehewa agizo lenyewe.

Sasa imimine. Inamisha glasi ndefu, mimina taratibu, bakiza kidogo chupani, tikisa ili hamira iliyotuama inyanyuke, kisha malizia. Ukungu unaouona si dalili ya kuharibika. Nusa upesi, povu likiwa bado nene: ikiwa imepikwa vizuri utakutana na ndizi mbivu na karafuu, na mtu aliyekulia Pemba hahitaji kuelekezwa. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu humo. Harufu zote mbili ni kazi ya hamira. Ndizi huzidi bia ikichachuka kwenye joto kubwa kidogo. Karafuu hamira huitoa kwenye asidi iliyomo kwenye kimea, ambayo mpishi huifungua kwa kukiloweka kwenye maji ya nyuzi 45 hivi kabla ya kupandisha moto. Mimi hutafuta mizani ya harufu hizo mbili. Ndizi ikitawala peke yake, bia hugeuka peremende na kukinaisha kabla ya nusu glasi. Ustadi wote uko hapo, na agizo la 1516 halina neno juu yake. Hamira yenyewe halikuitaja.

Watetezi watakimbilia pilsna, na hapo hoja yao ina nguvu zaidi, maana pilsna njema kweli haihitaji zaidi ya maji, kimea cha shayiri, hopsi na hamira. Lakini ilizaliwa mwaka 1842 huko Plzeň, Bohemia, mikononi mwa Josef Groll, fundi kutoka Bavaria, na kilichoishangaza dunia ni maji laini ya mji ule, kimea cheupe na hopsi za Žatec. Wajerumani wa kaskazini baadaye waliifanya kavu na chungu zaidi. Onja Jever, mojawapo ya pilsna hizo, utaelewa. Uchungu wake uje mwishoni, safi, ukauke bila kukwaruza koo. Na kwa kuwa hakuna ndizi wala karafuu ya kufunika kosa, kila uzembe unasikika. Kabichi iliyochemshwa: uji wa kimea haukuchemka vya kutosha. Siagi: hamira iliondolewa kabla ya kumaliza kazi. Karatasi iliyolowa: bia imezeeka. Harufu ya kicheche: mwanga umeziunguza hopsi, balaa la chupa za kijani. Bia yenye kasoro zote nne bado ni halali kabisa mbele ya Sheria ya Usafi.

Sheria ya leo yenyewe inaruhusu bia ing'arishwe kwa unga wa plastiki, mradi uchujwe utoke, huku Gose, bia ya kale ya Leipzig yenye chumvi na giligilani, ikihitaji kibali cha pekee. Mwaka 1987 Mahakama ya Ulaya ilikataa hoja kwamba afya ya Wajerumani inadai kuzizuia bia za nchi nyingine zisizofuata kanuni hiyo.

Bia hizi hufika Mombasa baada ya wiki nyingi za meli na joto, na pilsna haivumilii safari hiyo. Anayeilipia huko bei ya bia ya nje ana haki ya kujua ilijazwa chupani lini. Chupa nyingi humpa tarehe ya mwisho wa matumizi tu, kwa herufi ndogo. Viwanda viufute mwaka 1516 mbele ya lebo, na kwenye nafasi hiyo viandike tarehe ya kujaza.