GLAVU SI ZAWADI YA TAJIRI



Kila mwaka, tangu Juni mpaka Agosti, baridi ya Nairobi ikishika, twaiona mikono yenu. Hamji kutuonyesha mikono. Mwaja na mashtaka mengine: siku isiyolipwa, kazi iliyoongezwa bila kuongezwa pesa, mtu aliyefukuzwa kwa simu. Lakini saa ya kutia sahihi, kalamu haishikiki. Vifundo vya vidole vimepasuka, kidole gumba kina ufa ulioingia mpaka kwenye nyama, na ngozi katikati ya vidole imekuwa nyekundu kama iliyochomwa. Tukiuliza kuna nini, jibu ni lile lile: "Ah, ni baridi tu."

Twasema si baridi tu. Neno hilo limewafaidi matajiri kwa miaka mingi, maana baridi haina mlango wa kubisha wala haiwezi kushtakiwa.

Mtazameni mama fua wa Raila, hapa Kibera. Atoka alfajiri, apita njia ya matope kabla watu hawajaamka, aenda kwa miguu mpaka Lang'ata au Kilimani, kama mwenzake wa Kawangware anavyovuka kwenda Lavington na Kileleshwa. Langoni asubiri mpaka askari aruhusiwe kumpitisha. Ndani akuta lundo la wiki nzima: mashuka, taulo, sare za watoto, na jinzi. Jinzi hasa! Nguo ile haikubali upole. Yataka kusuguliwa kwa viganja na ngumi, na mara nyingine ni vigumu kujua kama kinachochubuka ni kitambaa au mtu. Karai moja ya sabuni, mbili za kusuuza, maji ya bomba yenye baridi ya Julai. Nguo nyeupe zina dawa yake ya kung'arisha, na dawa hiyo nayo yaingia katika mikono ile ile. Nguo zikishaanikwa aambiwa, "Basi malizia na choo na sakafu." Hapo hakuna senti inayoongezwa. Jioni arudi Raila, anunue mtungi wa lita 20, afue za watoto wake.

Sasa tueleze ngozi yapasukaje, maana tajiri hupenda kutuambia kwamba hatuelewi. Ngozi ya juu ya mkono ina mafuta yake yanayozuia maji ya ndani yasitoke na uchafu wa nje usiingie. Sabuni imetengenezwa kuondoa mafuta, wala haina macho ya kutofautisha mafuta ya kola ya shati na mafuta ya mkono wa mtu. Tena ngozi ina tindikali kidogo, na sabuni ya kipande ni kinyume chake, kwa hiyo yaipiga ngozi kila saa inapoigusa. Maji nayo yakikaa juu ya ngozi kwa saa nyingi huilegeza, na ikianza kukauka hujivuta na kukakamaa. Hapo ndipo baridi inapokuja na upepo wake wa asubuhi, ikakuta ukuta umekwisha kubomolewa. Baridi yamalizia kazi iliyoanzwa na karai.

Kama mtu hakubali, na amtazame yule askari wa lango. Asimama katika baridi hiyo usiku kucha. Mikono yake hukauka, ndiyo, lakini hatujamwona akiacha damu juu ya kitabu cha wageni. Na bibi wa nyumba naye yumo katika Julai hiyo hiyo ya Nairobi. Mbona vidole vyake havikupasuka?

Jambo hili si siri wala si geni. Mwaka 1700 tabibu Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi yanayoletwa na kazi, na wanawake wafuaji wa nguo wamo. Miaka mia tatu na zaidi imepita. Shirika la Kazi Duniani limeyaweka maradhi ya ngozi katika orodha yake ya maradhi ya kazi, na orodha hiyo ilitengenezwa upya mwaka 2010. Huko Ujerumani kanuni za kazi zimeweka kipimo: mtu ambaye mikono yake hukaa majini kwa saa 2 au zaidi kwa siku anafanya kazi ya majimaji, na mwajiri ana wajibu juu ya ngozi ya mtu huyo. Mama fua wa Raila aliyeanza saa mbili asubuhi amekwisha kukipita kipimo hicho saa nne, na bado hajaligusa lundo la taulo.

Lakini kwa nini twende Ujerumani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 101, yamtaka mwajiri awape wafanyakazi mavazi ya kujikinga yanayofaa, na glavu pia pale zinapohitajika, ikiwa kazi yao yawaweka katika majimaji au katika kitu chenye kudhuru. Someni tena: majimaji. Si tindikali ya kiwandani peke yake, si vyuma vya moto peke yake. Na sheria hiyo yasema inahusu kila mahali ambapo mtu yupo kazini, iwe kwa muda au kwa daima. Ua wa nyuma wa nyumba ya Kileleshwa, penye karai na kamba, ni mahali pa kazi mama fua anapoinama pale. Tajiri akisema, "Hii ni nyumba yangu, si kiwanda," na aambiwe kwamba kwake ni nyumba, kwetu ni kazini.

Wako watakaosema kwamba mama fua ni kibarua wa siku moja, hana mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 katika kifungu cha 37 imekwisha kuonyesha kwamba mtu hawezi kuitwa kibarua milele hali kazi yake haina mwisho. Wanasheria watabishana juu ya yule anayefua nyumba moja kila Jumamosi kwa miaka sita. Na wabishane. Sisi twajua ya kuwa nguo za nyumba ile hazikuisha siku hata moja katika miaka hiyo sita.

Tena twasikia kwamba glavu hazitoi uchafu vizuri. Hao wenye kusema hivyo hawajafua. Ni kweli glavu pana za kuteleza zaudhi, kwa hiyo na zinunuliwe za kipimo cha mkono wa anayefua. Wengine husema, "Mimi namlipa, ajinunulie mwenyewe." Amri ya mishahara ya mwaka 2024 iliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mtumishi wa nyumba katika Nairobi. Nani kati yenu mnaofua kwa siku hukusanya pesa hizo mwisho wa mwezi, hata mkijumlisha nyumba zote? Na katika kijipesa hicho atoe nauli, maji, kodi ya chumba, kisha glavu za kumfulia mtu mwingine?

Kitu kinachotuchoma zaidi ni hiki. Nyumba hizo hizo hununua dawa ya kulainisha nguo, chupa kubwa yenye harufu ya maua, ili mashuka yakikauka yasiwe magumu mwilini. Basi wanajua vizuri kwamba sabuni yakausha! Shuka limehurumiwa, mkono uliolifua haukuhurumiwa. Na mwenzetu mmoja alikatwa pesa zake kwa sababu damu ya kidole ilitia doa katika foronya nyeupe. Alijeruhiwa kazini, akatozwa faini kwa jeraha lake.

Sasa tuseme na sisi wenyewe, maana kosa halipo upande mmoja tu. Katika mikutano yetu wako wanaume wanaocheka jambo hili likitajwa, wakiona kwamba mafuta ya mikono ni habari za akina mama na kwamba Chama kina mambo makubwa zaidi. Ndugu hao wawatazame vijana wanaoosha magari kando ya barabara, na wale wanaoosha sufuria katika mahoteli kutwa, na wanaopiga deki hospitalini. Sabuni haiulizi mtu jinsia.

Na wako akina dada wanaosema, "Tukidai glavu, kesho watamchukua mwingine pale barabarani." Hofu hiyo si ya mchezo, nasi hatuidharau, mwenye watoto hawezi kula ujasiri. Lakini huyo "mwingine" ni nani? Ni jirani yako wa Raila, au wa Gatwekera, au wa Kawangware, na mikono yake imepasuka kama yako. Mwezi wa Julai mwaka 1881, katika mji wa Atlanta, Marekani, wanawake weusi wafuaji, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, waliunda chama chao. Walianza kama 20 tu. Wakapita nyumba kwa nyumba na kanisa kwa kanisa wakiwaomba wenzao wasifue kwa chini ya bei moja, na kwa muda wa wiki tatu hivi ilisemekana wamefika 3,000. Wakubwa wa mji walipotaka kuwatoza dola 25 za leseni, wao walimwandikia meya kwamba watalipa, mradi kazi ya kufua ya mji mzima iwe mikononi mwao. Hawakuwa na simu. Ninyi mna simu, na kila kikundi cha merry-go-round hapa Kibera kina mama fua ndani yake.

Basi twataka hivi. Kila atakayeitwa kufua aulize kabla ya kushika karai: glavu ziko wapi? Aulize kwa adabu, lakini aulize kila nyumba, na jirani yake aulize vivyo hivyo, mpaka swali hilo liwe la kawaida kama kuuliza sabuni iko wapi. Kopo la mafuta mazito likae pale karibu na sabuni, lililonunuliwa na mwenye nguo. Choo na sakafu zihesabiwe kuwa kazi nyingine yenye malipo yake. Na doa la damu lisitozwe mtu.

Wakati tunapoyadai hayo msiiache mikono iendelee kuoza. Pete ivuliwe, maana sabuni hujificha chini yake. Mkimaliza, suuzeni sabuni yote kwa maji safi, mkaushe hata katikati ya vidole, na mpake mafuta mazito yasiyo na manukato papo hapo ngozi ingali na unyevunyevu, si usiku peke yake. Usiku pakeni tena kwa wingi na kuvaa soksi safi za pamba mikononi. Watoto watacheka, waacheni wacheke. Glavu ikiingia maji ndani ni mbaya kuliko kukosa glavu, kwa hiyo ivueni mkaikaushe. Ikiwa mpira wenyewe wawatia mwasho, semeni, ziko za namna nyingine. Msioshe mikono kwa dawa ya kung'arisha nguo ili kuondoa weusi wa kucha, na krimu za kujichubua ziacheni kabisa. Ngozi ikionekana imepona, bado ndani ni changa kwa wiki kadhaa, msirudi kwenye karai mikono mitupu.

Mkono ukivimba, ukitoa usaha, au kucha ikianza kung'oka, nendeni kwa daktari mapema, na mwambieni kazi yenu ni ipi. Mwombeni aiandike katika karatasi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yayahesabu pia maradhi yanayotokana na kazi, lakini hakuna awezaye kuipigania karatasi isiyokuwapo.

Na yeyote atakayeuliza glavu akafukuzwa langoni, asirudi nyumbani kunyamaza. Aje kwa mwakilishi wa tawi siku hiyo hiyo, ataje barabara na nyumba, na aseme ni nani aliyeitwa kushika karai baada yake, ili twende tukazungumze na huyo kwanza.