Akikugonga Akahepa, Bili Ni Yako

Wasee, leo nimekasirika kidogo. Hiyo cheti ya bima iko kwa simu yako haikulindi vile wengi wanafikiria.

Sheria yetu ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu. Kitu inalazimisha ilipiwe ni kifo na majeraha ya watu wengine. Bampa yako haimo. Sasa mtu akubamize usiku ukiwa umepaki, ahepe, na hakuna aliyeshika namba ya gari. Bima yake ingelipa, lakini "yeye" ni nani?

Mamangu analipia bima kamili. Vitz yake iligongwa kwa pakingi ya ploti, mlango ukaingia ndani, na soja eti hakuona kitu. Mama akaenda polisi, akapewa namba ya OB na abstrakti, kampuni ikakubali kutengeneza. Lakini kwanza atoe ekses, ile sehemu ya gharama unayobeba mwenyewe. Halafu mwaka wa kurenew ukafika, punguzo la kutodai likaenda. Na mama alikuwa amelala!

Kampuni inasema mkataba ndio huo, dai ni dai, haijalishi kosa ni la nani. Sawa, ni kweli imeandikwa. Bado naona ni uonevu: gari lilikuwa limesimama, polisi wameandika, mnamwadhibu kwa nini?

Na hayo ni mabati tu. Mama mboga akigongwa Thika Road na dereva akatoroka, atamshtaki nani? Sheria ya Trafiki inataka dereva asimame na aripoti ndani ya saa 24, lakini anayehepa hajali. Uingereza walianzisha Motor Insurers' Bureau mwaka 1946. Kampuni za bima ndizo zinaichangia, na inalipa hata walioumizwa na dereva asiyejulikana. Sisi tuko na mfuko wa fidia kwa wenye bima, lakini huo ni wa kampuni ikianguka. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii hata mimi naiweza: katia kila bima shilingi 100, anzisheni mfuko wa pili.

Kwa sasa, kabla ulipe, uliza wakala kama ana nyongeza ya kufuta ekses, na akuonyeshe mahali imeandikwa.