Kabla ya Kununua Betri Nyingine, Pima Kwanza

Leo naweka kando chanjo na malisho, nizungumzie betri ya gari. Najua wapo watakaosema, "Bwana mifugo, magari yanakuhusu nini?" Yananihusu. Maziwa yasipofika kituoni mapema yanachachuka, na hakuna somo la ukamuaji safi nililokupa litakaloyaokoa.

Nasema wazi: betri inayokufa mara kwa mara, mara nyingi ni dalili tu ya ugonjwa ulio mahali pengine. Anayekuambia ununue nyingine bila kupima chochote anabahatisha kwa pesa yako. Na wewe unayekubali unamsaidia kubahatisha.

Tabia hii tunaifahamu. Ng'ombe akikonda, mtu anakimbilia duka la dawa na kumchoma sindano. Hajapima joto, hajaangalia kinyesi, hajatafuta kupe. Ng'ombe anachangamka siku mbili, kisha analala tena. Jambo hilo tumelikemea miaka yote. Ajabu ni kwamba mfugaji aliyeacha kubahatisha kwa ng'ombe wake bado anabahatisha kwa gari lake.

Kikundi kimoja cha wafugaji ninachokihudumia kina kirikuu ya kubebea maziwa. Ndani ya miaka miwili kilinunua betri tatu. Jumatatu alfajiri gari haliwaki, na wale wale walioamka saa kumi usiku kukamua ndio wanaosukuma. Betri ya tatu ilinunuliwa kwa pesa iliyotengwa kwa dawa ya kuogesha mifugo. Kikao kikatafuta wa kulaumiwa, kikampata dereva: kijana huyu anaacha taa. Kijana akakana, hakusikilizwa, akaondolewa kazini. Haukupita muda, chini ya dereva mpya, Jumatatu nyingine gari likagoma.

Hapo ndipo mama mweka hazina aliponipigia simu. "Bwana mifugo, hii gari imerogwa?"

Nikamwuliza swali moja: kwa nini Jumatatu tu? Jumapili kituo hakipokei maziwa, kwa hiyo gari hulala tangu Jumamosi mchana. Likilala usiku mmoja linawaka. Likilala siku mbili haliwaki. Maana yake kuna kitu kinakunywa umeme polepole gari likiwa limezimwa.

Tukaazima mita kwa fundi redio wa kijijini. Kila kitu kikiwa kimezimwa, betri ilikuwa inatoa ampia 0.6. Piga hesabu: 0.6 mara saa 40 ni 24. Betri yao ni ya ampia-saa 40. Zaidi ya nusu ya chaji inaondoka gari likiwa limeegeshwa. Tukachomoa fyuzi moja moja, mita haikubadilika. Tukafuata waya mwekundu uliofungwa moja kwa moja kwenye betri, ukapita chini ya kapeti hadi nyuma ya kiti, kwenye amplifaya ya muziki. Nani aliagiza muziki? Kamati yenyewe, siku gari liliponunuliwa. Kuukata ule waya kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Muuzaji wa betri hakusema uongo. Betri zile zilikuwa zimekufa kweli. Betri ya asidi ikiachwa mara kwa mara bila chaji, sahani zake za risasi hushika magamba ya salfeti ambayo baadaye hugoma kuondoka, na uwezo wake hupungua. Kosa la muuzaji ni kwamba hakuuliza nini kinaziua. Na kikundi nacho hakikuuliza.

Sasa chukua kalamu. Mita ndogo ya umeme ni rahisi mno ukilinganisha na betri. Usipokuwa nayo, azima. Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

1. Anza na taminali. Zishike na uzitikise gari likiwa limezimwa. Zikicheza, zibane. Zikiwa na unga mweupe au wa kijani, zifungue ukianza na hasi, safisha kwa maji yenye magadi soda na brashi ya waya, kisha rudisha ukimalizia na hasi. Angalia pia waya wa eathi pale unapofungwa kwenye bodi na injini. Kutu hapo inatosha kukufanya uamini betri imekufa.

2. Pima betri iliyopumzika. Gari lilale usiku kucha, asubuhi pima kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni chaji kamili. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 betri ina njaa. Kipimo hiki kinakuonyesha tu kwamba ina njaa. Sababu bado hujaijua.

3. Pima injini ikiwa inaunguruma. Unatakiwa kuona kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa kubwa, isishuke sana. Ukiona bado ni 12 na kitu, betri haichajiwi: angalia mkanda kama umelegea, kisha nyaya, kisha alteneta. Ukiona zaidi ya 15, inachajiwa kupita kiasi na maji yake yatachemka hadi yakauke. Hapo hata ukinunua betri ya bei gani, itakufa.

4. Tafuta wizi. Zima kila kitu, funga milango, toa funguo. Weka mita upande wa ampia, tundu la 10, kisha iunganishe kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake. Usiwashe injini wala taa kubwa mita ikiwa hapo, utaiunguza. Magari yenye kompyuta yape nusu saa yatulie. Kipimo cha kawaida ni ampia 0.05 au chini. Kikizidi sana, chomoa fyuzi moja moja hadi kishuke, na hiyo ndiyo njia yenye mwizi. Kisiposhuka, fuata nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri, kisha alteneta, kwa sababu diodi zake zikiharibika zinarudisha umeme usiku.

5. Sasa ndipo uishtaki betri. Ichaji hadi ijae, ilale usiku mmoja ikiwa imefunguliwa. Ikishuka yenyewe, au ikianguka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga stata, imechoka. Inunue nyingine bila majuto.

Sisemi betri hazizeeki. Iliyokutumikia miaka minne imekulipa. Ninachopinga ni kuzika betri ya miezi minane bila kuuliza imekufa kwa nini.

Yapo pia mambo matatu ninayoyaona kwenye magereji yetu ambayo lazima yakome. Kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili "kupima" alteneta: umeme unaweza kuruka juu ukaunguza vifaa vya gari. Kuongeza asidi maji yanapopungua: kinachopungua ni maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, na kwa zile tu zenye vifuniko vya kufungua. Kufunga taa, redio na king'ora moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi wala swichi: mbali na kunyonya chaji, waya ukichubuka unawasha moto. Na usivute sigara wala usichezeshe cheche juu ya betri inayochajiwa. Hewa inayotoka humo hulipuka.

Utaniambia fundi wako ana uzoefu wa miaka 20. Vizuri, namheshimu. Basi mwambie, "Fundi, nionyeshe kipimo." Mwenye uzoefu hatakasirika, atatoa mita. Anayekasirika amekuonyesha kwamba hana cha kukuonyesha.

Kikundi kile sasa kinaingia mwezi wa saba na betri ile ile. Pesa ya dawa ya kuogesha itarudi polepole. Kijana dereva walimpigia simu kumwomba radhi, lakini alikuwa ameshahamia mjini kutafuta kazi nyingine. Alishukuru, akasema hatarudi. Kubahatisha kuliwagharimu betri tatu na dereva mzuri.

Kwa hiyo Jumatatu gari lako likigoma, usikimbilie dukani, na usimgeukie dereva. Fungua boneti, pima, andika namba kwenye daftari. Ukiwa na namba mkononi hakuna atakayekuuzia usichohitaji.

Kazi njema.