REFA NAYE NI MFANYI KAZI



Juzi katika karakana mwenzetu mmoja alicheka sana. Alisema, "Refa wa Marekani hulipwa maelfu ya dola, tena ana kazi nyingine. Huyo ana shida gani hata awe na chama?" Namjibu hapa hapa.

Ed Hochuli wa Arizona ni wakili. Tangu 1990 mpaka 2017 alikuwa mwamuzi katika ligi kubwa ya kandanda ya Marekani, ule mchezo wa mpira kama yai, unaokimbizwa mikononi. Mwaka 2008 alipuliza filimbi kwa makosa, taifa zima likaona, naye akakiri kosa. Je, mmepata kusikia bwana mwenye timu akikiri lake?

Mwaka 2012 mabwana hao waliwafungia marefa nje ya kazi tangu Juni. Kisa kikubwa kilikuwa pensheni. Walitaka kuiondoa, kila mtu awe na akiba yake tu. Ikipanda au ikishuka, shauri lake. Na ligi ilikuwa ikiingiza kiasi cha dola bilioni 9 kwa mwaka!

Wakaokota watu wa mechi ndogo ndogo. Sisi wa reli twajua maana ya kumpa mtu wa jana kazi ya kugeuza njia za treni. Tarehe 24 Septemba, mjini Seattle, dakika ya mwisho, wachezaji wawili walishika mpira mmoja. Mwamuzi huyu akainua mikono kuwa ni bao, mwenzake akapunga yake saa isimame. Seattle wakapewa ushindi, 14 kwa 12, na Green Bay wakaondoka wakilia. Siku mbili baadaye mapatano yalipatikana! Tarehe 27, mjini Baltimore, watu walisimama kuwapigia makofi marefa, watu ambao huzomewa siku zote.

Mishahara ilipanda. Lakini pensheni ile waliachiwa waliokuwa kazini tu, tena mpaka 2016, wageni hawakupewa. Hapo siwasifu. Vijana hao hawakuwapo mezani, wakatolewa sadaka. Mtu akileta katika mkutano wetu karatasi ya namna hiyo, ya kuwalinda wazee na kuwanyima watakaokuja, mimi sitaitia sahihi, na nitasimama kuuliza ni nani aliyeiandika.