Kikohozi kinachobaki baada ya kibarua: wanachovuta wafanyakazi Jinja na Mbale

Mkimbizi anayeacha makazi ya Nakivale au Kyangwali na kuhamia Jinja au Mbale hutafuta kibarua kwanza, sawa na mwenyeji asiye na vyeti: kuosha sakafu, kupakia magunia, kuchanganya sabuni, kusaidia saluni. Huko huvuta vumbi na mvuke wa kemikali. Wengi huvichukulia vyote kuwa "hewa mbaya" tu, lakini mwilini havifanyi kazi moja.

Vumbi limepimwa. Utafiti wa hewa ya Kampala na Jinja uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta Jinja ina wastani wa mikrogramu 99 hivi za chembe laini katika kila mita moja ya ujazo, wakati kikomo cha WHO kwa siku kilikuwa 25. Mitaa ya kuishi yenye barabara za udongo ilikuwa na hewa chafu kama ya maeneo ya viwanda. Ongeza jiko la makaa, na mtu anafika kazini kifua kikiwa kimeshachokozwa.

Mvuke wa klorini au amonia huchoma utando wa ndani wa njia za hewa. Utando ukijeruhiwa, neva zilizo chini yake hukosa kinga, na misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza kwa sababu ndogo sana. Ndiyo maana mtu aliyevuta gesi nyingi siku moja tu anaweza kubanwa kifua miezi kadhaa baadaye kwa moshi wa jiko, manukato au baridi ya asubuhi. Madaktari wa Marekani waliieleza hali hii mwaka 1985: dalili huanza ndani ya saa 24 na kudumu miezi 3 au zaidi, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua mapafu. Si mzio, wala si kurogwa.

Na si lazima uwe kiwandani. Jik ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa klorini. Katika bafu lisilo na dirisha hiyo inatosha kumwumiza mtu. Barakoa ya kitambaa, ambayo baadhi ya wasimamizi huigawa kama kinga, hupunguza vumbi kidogo lakini gesi hupita moja kwa moja. Kwangu mimi, kumpa mtu kitambaa na kumpeleka kwenye mvuke ni kumdanganya.

Ukifika kliniki na kusema "nakohoa" tu, huenda ukaondoka na antibaotiki zisizokusaidia. Mwambie mhudumu ulivuta nini, siku gani, na kama unapata nafuu siku usizofanya kazi. Ukiendelea kubanwa, omba rufaa ya kupimwa nguvu ya pumzi katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Jinja ipo, Mbale ipo.

Kisheria mkimbizi hayuko nje. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Ugumu uko kwenye ushahidi: kibarua aliyechukuliwa getini asubuhi hana barua ya ajira, na mwezi ukipita hakuna anayekumbuka ni dumu lipi lililomwagika. Kwa hiyo piga picha lebo ya dumu, andika tarehe na jina la msimamizi, na uombe kliniki iandike neno "kemikali" kwenye kitabu chako cha matibabu siku hiyohiyo.